Nyumba Niliyojengewa Nikiwa Hai

Kama unasoma haya ukiwa umekaa kwa tako moja kwenye benchi la hospitali, nakujua. Sogea tukae. Mimi ni fundi wa makochi, kibanda changu kiko Ngara, na nakuhakikishia kwamba aliyetengeneza mabenchi yale hakuwahi kumfikiria mgonjwa. Nilikaa juu yake tangu jua kali la Januari mpaka mijakaranda ya mjini ikachanua zambarau, nikayachukia karibu sawa na ugonjwa wenyewe.

Sitakueleza saratani ya rektamu, huko mwisho wa utumbo mpana, ni nini. Hiyo ni kazi ya wenyewe, na watakueleza kwa michoro. Mimi nataka kukwambia inavyokuwa ukishapasuliwa, ukashonwa, kisha kila mtu akaanza kukadiria kama utaishi, nawe uko palepale unawasikia.

Mwanzo wake nitauruka. Niliona damu chooni, nikasema ni bawasiri tu, kazi yenyewe ni ya kukaa. Nikajipaka dawa za duka la dawa miezi mingi, mpaka Nekesa, mke wangu, akanivaa mbele ya watoto na kuniambia ama niende hospitali ama yeye aende kwao Webuye. Nikaenda. Kufikia Krismasi nilikuwa na jina la ugonjwa, na Januari nikaanza kupigwa mionzi.

Mionzi yenyewe haina maneno. Unalala, mashine inanguruma, unaamka. Kazi iko kwenye kungoja. Kuna siku mashine inaharibika, mnaambiwa mrudi kesho, na mtu aliyetoka mbali na usingizi wake wote anainuka na kuondoka. Hapo ndipo nilipokutana na Bi Rukia. Alikuwa mama wa makamo kutoka Mombasa, mwenye duka la vitambaa karibu kabisa na kibanda changu, ila sikuwahi kununua kwake kwa sababu alikuwa ghali. Yeye alikuwa ameshapasuliwa, ugonjwa uleule wangu, na sasa alikuwa anafuatilia dawa. Alikuja na chupa ya chai ya tangawizi na mahamri, akawagawia walio karibu kana kwamba tumekuja arusi.

Siku moja nilimwambia kinachonitia hofu si kisu, ni ule mfuko. Nilikuwa nimesikia kwamba baada ya upasuaji huenda nikabaki nikitolea haja tumboni, kwenye mfuko, maisha yangu yote. Akanitazama.

"Fundi, mimi ninao. Tumekaa hapa tangu asubuhi, na umekula mahamri yangu."

Sikuwa nimenusa kitu. Nakwambia hili wewe mwenye hofu kama yangu, kwa sababu lilinisaidia kuliko ushauri wote niliopewa.

Nilipasuliwa wakati wa mvua za masika. Uvimbe ulikuwa chini sana, hapakubaki kitu cha kuungia, kwa hiyo walitoa kila kitu, wakafunga njia ya nyuma kwa uzi, wakanitoboa tundu tumboni. Mimi niliyeshona maisha yangu yote nikashonwa. Daktari wangu, mama mmoja mpole asiyependa maneno mengi, alipokuja kunikagua nilimuuliza ametumia mshono gani. Alicheka, nami nikajaribu kucheka, nikagundua kwamba kicheko kinaumiza mahali ambapo sikujua kinafika.

Miezi ile mwili haukuwa wangu. Tundu lile lilitoa sauti lilipotaka, hata kanisani wakati wa maombi ya kimya. Nilipungua mpaka suruali zikanivaa badala ya mimi kuzivaa. Nekesa alijifunza kubadilisha mfuko kwa nesi, lakini nilimkataza asiniguse, nikajifungia chooni, nikachafua kuta, nikatoka nimemkasirikia yeye. Yeye alipiga deki bila kuguna. Tunaishi Kangemi, vyumba viwili vya orofa ya juu, hakuna mahali pa kujificha na aibu yako.

Kukaa ndiko kulikonishinda kabisa. Basi siku niliyoweza kufika kibandani nilikata sponji nzito, nikaichimba katikati ili kidonda kisiguse, nikaivika kitambaa kilichobaki kwenye kochi la mtu. Nikaibeba hospitalini. Wenzangu kwenye benchi wakaitazama kwa wivu wa wazi. Kabla mvua hazijakatika nilikuwa nimeshawashonea mito kadhaa, na Bi Rukia aliniagiza wake kwa kitambaa cha dukani kwake, cha bluu chenye maua, akasema hataki rangi ya wagonjwa.

Kisha yakaja majibu ya kile walichokitoa.

Tuliingia na Nekesa. Daktari alisema ameutoa ugonjwa wote alioweza kuuona, ila kuna vitezi vidogo vinavyouzunguka utumbo, na walipovipima baadhi vilikuwa na saratani. Maana yake, akasema, ugonjwa ulikuwa umeshaanza safari. Ndiyo sababu angenipa dawa za kemo, kuufuata huko ulikokwenda. Kisha akaanza kutueleza uwezekano.

"Tukichukua watu kumi wenye hali kama yako..."

Niliinua mkono. "Daktari, tafadhali. Hiyo hesabu usinipe. Siwezi kushona nayo kichwani."

Akanitazama, akaitikia, akahamia kwenye tarehe za dawa. Tulipofika nje Nekesa alisema amesahau sweta. Alirudi ndani, akakaa, akatoka na sweta na macho mekundu. Sikuuliza. Nilijua amekwenda kuichukua hesabu yangu.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na watu wawili, mmoja anajua na mwingine hajui. Alinipikia samaki katikati ya wiki. Alinitazama nikila. Nikisema jambo la kipumbavu, alikubali. Mke wangu ni mtu wa kubishana hata na redio, na sasa alikuwa ananikubalia kila kitu, nami nikazidi kuogopa kila aliponikubalia. Nilitamani anigombeze hata mara moja.

Kemo ilianza na baridi ya Julai. Utaambiwa kuhusu kichefuchefu, hicho kipo. Mimi nilichoshangaa ni vidole. Dawa niliyopewa haipatani na baridi. Ukigusa chuma unapigwa kama na waya wa stima, ukinywa maji ya bomba koo linakaba. Nilivaa glavu za sufi Nairobi hii, watoto wa ploti yetu wakaniita boksa. Baadaye ile stima ikapungua, na ncha za vidole zikafa ganzi.

Kuna mteja wangu Spring Valley alikuwa na viti vya mezani vya kuvalishwa upya, kitambaa cheupe kama maziwa. Nilikwenda kumalizia pembe kwa mkono pale kwake barazani. Nilishona kwa raha, nikijisifu kwamba bado naweza. Kutazama, nikaona madoa mekundu yamepangana kando ya mshono wote. Sindano ilikuwa imenichoma mara nyingi nami sikuhisi hata moja. Nilikaa chini kwenye vigae, kidonda au si kidonda, nikalia kama mtoto. Yule mama alinitolea chai, akakaa karibu, akasema kitambaa kitafuliwa. Hakikufulika. Alijua, nami nilijua.

Wiki hiyohiyo simu ikalia. Alikuwa mtu niliyesoma naye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule kwetu Kimilili.

"Wafula! Hongera sana, ndugu yangu. Nasikia unajenga. Sasa hii mabati, nikuwekee ya kijani ama ya maroon? Barasa anasema tuharakishe, fundi ako tayari kuezeka."

Barasa ni kaka yangu mkubwa, ndiye anayekaa kwenye boma la baba. Na mimi sikuwa najenga kitu chochote.

Kama wewe si wa kwetu ngoja nikueleze. Kwetu Bubukusu mwanamume hazikwi kwenye boma la babake bila kuwa na nyumba yake hapo. Mwili unaletwa, lazima uingie kwake. Anayefia mjini kabla hajajenga, ndugu hukurupuka na kumjengea kibanda cha haraka, na wanaokuja matangani wanakiona kwamba ni cha haraka. Mimi nilikuwa sijajenga. Kila Desemba nilisema mwaka ujao, karo ya Sharon kwanza, binti yetu yuko chuo. Barasa alinikumbusha miaka yote, nikamchekea. Sasa alikuwa anajenga mwenyewe, bila kuniambia, mwezi ambao kila mtu huko yuko shambani, na alikuwa na haraka.

Mwenye duka alikuwa bado anangoja. Nikamwambia maroon. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu akiulizwa rangi anataja rangi.

Nekesa alinikuta nimesimama katikati ya chumba na simu mkononi.

"Daktari alikwambia nini siku ile ya sweta?"

"Ulisema hutaki kujua."

"Barasa anajua. Mwenye mabati anajua. Kimilili nzima inajua, Mama Sharon. Nimebaki mimi."

Alikaa kitandani. Alisema alijaribu kuibeba hesabu ile peke yake akashindwa, akampigia Barasa ili apate mtu wa kulia naye. Hakumtuma ajenge. Barasa alisikia, akakata simu, na kesho yake akaanza kumwaga mawe ya msingi. Nikamwambia sasa na mimi anipe. Akanipa.

Sitaiandika hapa. Ni yangu, na utakayopewa wewe itakuwa nyingine. Nitasema tu kwamba haikuwa mbaya kama ile nyumba ilivyoifanya ionekane, wala nzuri kama Nekesa alivyokuwa akiiomba kila asubuhi. Ilikuwa hesabu ya mtu anayeweza kwenda huku au kule. Lakini mimi sikuisikia hivyo. Nilisikia nyundo za kuezeka. Niliona ndugu yangu wa damu amenitoa kwenye hesabu ya walio hai, akanipigia mstari.

Siku ya kemo iliyofuata sikwenda. Niligeukia ukutani. Nekesa alinisihi, akanigombeza hatimaye kama nilivyokuwa nikitamani, na haikunisaidia. Sharon alipiga simu akilia, nikampa mamake. Nilijiambia kama wameshaezeka, dawa ni ya nini. Nitasema wazi ili ukijikuta hapo ujue wengine wamepita. Nilitaka kufa. Nilimwomba Mungu afanye haraka, nyumba isije ikakaa tupu bure. Mfuko ulijaa ukavuja kwenye shuka nami nikaulalia, nikauacha uvuje.

Siku ya tatu au ya nne nilisikia sauti ya mtu akihema kwenye ngazi. Alikuwa Bi Rukia, ameletwa na teksi mpaka Kangemi, amepanda orofa zote zile na mfuko wake. Aliingia, akasalimu, akavuta kiti, akakaa kwa uangalifu ule wetu. Alinusa, lazima alinusa. Nekesa alimweleza kila kitu, nyumba na yote, mimi nimejifunika.

Akasema, "Mimi nilipewa hesabu nzuri. Vitezi vyangu vyote visafi. Wewe ya kwako si nzuri. Haya. Twende tukakae benchini tuone."

Akaongeza kwamba hakuja kunibembeleza, amefuata mto wake. Ametoa kitambaa chake mwenyewe, na fundi anayelala na kazi ya mtu ni mwizi.

Nilitaka kukasirika. Badala yake nilimwomba Nekesa maji ya moto, na kwa mara ya kwanza nikamwachia abadilishe mfuko. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya nesi. Kumbe alikuwa amejifunza vizuri siku zote zile nilizomfungia mlango. Hospitalini daktari alinikaripia kidogo, akanipangia tarehe nyingine, dawa ikaendelea.

Mto wa Bi Rukia niliushona kwa macho, kwa kuwa vidole havikunisaidia. Nilitazama kila tundu la sindano kabla ya kuivuta. Ulinichukua muda ambao zamani ningemaliza kochi zima. Alipoukalia aliguna kwa raha mpaka watu wakageuka.

Mijakaranda ilipoanza kupukutisha maua, yeye alianza kushika ubavu. Walimpima, wakakuta ugonjwa umehamia kwenye ini. Vitezi vyake visafi, hesabu yake nzuri, na ulihama. Alikuja benchini mara moja tu baada ya hapo, bila chupa ya chai. Alinishika vidole vyangu vilivyokufa ganzi akauliza kama vinahisi, nikasema vinahisi. Alifariki kabla ya Novemba kuisha, akazikwa siku ileile kabla ya alasiri, kama ilivyo desturi yao. Nilisimama nyuma ya wanaume mimi na mfuko wangu. Binti yake alinifuata langoni na ule mto wa bluu. Mamake alisema fundi arudishiwe.

Nilikuwa nao chini yangu siku ya majibu ya kipimo changu cha mwisho wa kemo. Nekesa alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, nadhani, sikuhisi vizuri. Daktari alizitazama picha muda mrefu.

"Hakuna tunachokiona," akasema. "Kwa sasa."

Nekesa alilia kwa sauti. Mimi nilibaki na hilo la mwisho. Bado ninalo. Nikamkumbuka aliyenipandia ngazi kuniambia twende tukaone, na ambaye hakukaa kuona, nikaona haya kwa kupumua. Nilikuwa nimeshapewa nafuu na sikujua niiweke wapi.

Desemba tulienda nyumbani. Sikuwa nimezungumza na Barasa tangu ile simu ya mabati. Nilikuwa nimetengeneza kochi la watu watatu, mshono wa macho matupu, kwa sababu nilijiambia kama ni nyumba yangu basi itakuwa na kitu changu. Fundi wa makochi kitu cha kwanza anachomuuliza mteja ni upana wa mlango. Makochi mengi mazuri yamelala nje kwa mvua kwa sababu hakuna aliyepima. Nekesa alimpigia Barasa, akamuuliza kwa niaba yangu. Akasema tulilete tu, litaingia.

Fundi gani anakubali jibu la namna hiyo? Nililalamika njia nzima mpaka Kimilili.

Nyumba ilikuwa nzuri. Hilo liliniudhi. Kuta za matofali, madirisha mawili ya mbele, mabati ya maroon. Vijana wa boma walishusha kochi, nikawapanga kama kawaida, huyu ainue pembe, yule alilaze ubavuni, tulipinde mlangoni. Tulipofika, hapakuwa na haja. Kochi la watu watatu liliingia limenyooka, likabaki na nafasi kila upande.

Niliitoa futi yangu ya kupimia mfukoni, nikaitia mlangoni kwa mazoea, nikaona. Nimepima milango ya Westlands, nimepima ya Spring Valley yenye nguzo, na sikuwahi kuona mlango wa nyumba ndogo ukiwa mpana namna ile. Watu wanne wangepita wakiwa wamebeba, wawili kila upande, bila kugusana na fremu.

Barasa alikuwa amesimama uani akitazama viatu vyake. Amezeeka mwaka huu kuliko mimi.

"Mlango huu uliupimia nini, kaka?"

"Mjomba walimpitisha dirishani na jeneza lake," akasema. "Unakumbuka? Walivunja dirisha, watu wote wakiona. Mimi nilikuwa nimeshika upande wa miguu. Nikasema wewe hapana. Wewe hutapita dirishani."

Nilikuwa nimekuja na maneno, Nekesa aliyasikia nikiyafanyia mazoezi tangu Nakuru. Badala yake nilimwona kichwani ndugu yangu mwezi wa Julai, peke yake, analia huku akipima mlango, hajui pa kupeleka mapenzi yake ila kwenye matofali. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani.

Kochi lilikuwa katikati ya chumba, bado na karatasi yake ya kufungia. Niliirarua, nikauweka mto wa bluu upande wa kulia. Nikamwambia akae. Akakaa pembeni kabisa, kama mgeni. Mfuko wangu ukatoa sauti yake, ndefu, na Barasa akajifanya anatazama dari. Kisha nami nikakaa karibu naye, taratibu, kwa matako yote mawili, mlango ule uko wazi mbele yetu.

Februari narudi kupimwa. Nitakuwa kwenye benchi letu asubuhi, na mto wa bluu, na hofu yangu ileile. Ukiniona, sogea tukae.